Giza Pembeni mwa Skrini

Gari la umeme halipigi hodi. Liliingia gereji mchana, katikati ya mlio wa nyundo, honi za barabarani na vipaza sauti vya wauza simu wa ng'ambo ya pili, na hakuna aliyelisikia mpaka lilipokigonga kigari cha vifaa. Trei ikaruka. Skrubu ndogo ndogo, ambazo fundi alikuwa amezipanga kwa ukubwa tangu asubuhi, zikamwagika kwenye sakafu ya saruji na kutawanyika hadi chini ya magari.

"Wewe! Nani amekufundisha kuendesha, adui yako?"

Aliyepiga kelele alikuwa msichana wa ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kitambaa cha njano kichwani na bisibisi imechomekwa kwenye kitambaa hicho kama maua. Ndiyo maana gereji nzima ilimwita Bisibisi. Gereji yenyewe ilikuwa ya mjomba wake, ghorofa ya chini ya jengo kuukuu la maegesho. Mjomba alishughulika na breki na magurudumu. Mpwa wake, aliyetoka chuoni akiwa na cheti na ndoto nyingi, alishughulika na chochote chenye waya.

Mlango wa gari ukafunguka. Akashuka kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa pasi mpaka mikono ina makali, viatu vinang'aa, harufu ya sabuni ikamtangulia.

"Samahani sana, dada. Sikukiona."

"Hukukiona? Kigari chekundu, kirefu karibu kama mimi?"

"Nilikuwa nakutazama wewe tu."

Kutoka chini ya lori dogo, mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Ee, leo tumepata mshairi! Mwambie aokote skrubu kwanza, mashairi baadaye."

Kijana akapiga magoti bila kujali suruali yake, akaanza kuokota. Bisibisi akagundua kwamba aliokota zile zilizokuwa mbele yake tu na kuziacha za kando. Akadhani ni uvivu wa wanaume. Akasonya, akaziokota mwenyewe.

Kijana alikuwa dereva wa teksi za kuita kwa simu. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, iwe kwa miguu au kwa magurudumu. Gari lake lilikuwa la umeme, la zamani, lililopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia. Betri bado ilikuwa na nguvu, mota haikuwa na tatizo. Kilichokufa kilikuwa kompyuta ya dashibodi.

"Inajizima na kujiwasha," alieleza. "Ramani inaganda. Kamera ya nyuma siku hizi inanionyesha weusi mtupu. Na hata ikiwaka, pembeni mwa skrini kuna giza. Kampuni imeniambia gari lisilo na ramani na kamera wanalitoa kazini. Nikitolewa, dada yangu, mimi ndiyo basi. Miaka yote niliendesha magari ya watu ili nilipate hili."

Bisibisi akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva, akabonyeza skrini. Ikasita, ikawaka, ikazima.

"Chipu ya kumbukumbu imechakaa," akasema. "Hii kompyuta imekuwa ikiandika na kufuta kila siku tangu gari lizaliwe. Sasa ni kama karatasi uliyoifuta mara nyingi kwenye sehemu moja mpaka ikatoboka. Tena inatumia mtandao wa zamani, ambao umeshazimwa. Nitakutolea yote: kompyuta, modemu na skrini, nikuwekee za kizazi kipya."

"Gari litakuwa jipya?"

"Gari litabaki zee. Lakini litakuwa na akili."

"Basi litamzidi mwenyewe."

Bisibisi akacheka bila kupanga.

Kazi ilichukua muda. Alitenganisha betri ndogo na kukata umeme mkubwa, akasubiri, kisha akachomoa vibanio vya dashibodi kimoja kimoja kwa kabari ya plastiki ili kisivunjike hata kimoja. Alivaa kwenye kifundo cha mkono bangili yenye waya ya kuzuia umeme wa mwili usiunguze chipu. Taratibu alikuwa amekataa kuondoka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimwangalia moja kwa moja, bila kuhamisha macho, mpaka shingo ya Bisibisi ikaona moto.

"Huna kazi nyingine?"

"Gari langu liko matumbo nje. Kazi nitaitoa wapi?"

Kompyuta mpya ilipoingia, ikabaki kuiwekea programu. Katika hatua hiyo gari halitakiwi kuguswa: lichomekwe kwenye chaja, milango ifungwe, watu watulie. Walikaa ndani wote wawili, Taratibu kwenye usukani na Bisibisi pembeni na kompyuta yake ya mapajani, wakiutazama mstari mwembamba wa kijani ukisogea kwa uchovu. Sehemu kubwa ya skrini ilikuwa nyeusi, nayo ikawaonyesha sura zao, wawili, wamebanana kama kwenye picha ya harusi.

"Ikikatika katikati itakuwaje?" Taratibu akanong'ona.

"Tunaanza upya."

"Basi na ikatike."

"Nyamaza, wewe. Unaleta mkosi kwenye kazi yangu."

"Mtu akikuita Bisi tu, kwa kifupi, unakasirika?"

"Bisi ni za kutafuna."

"Ndiyo maana nikauliza."

Akamtandika begani kwa kitambaa. Mstari wa kijani ukafika mwisho, skrini ikawaka yote kwa mpigo mmoja, kubwa, safi, ramani ya mji imejaa mitaa kama mishipa ya jani.

Sasa Bisibisi alikuwa na desturi yake. Hakumpa mteja ufunguo mpaka mteja huyo akae kwenye kiti cha dereva na kuisoma saa iliyo kwenye kona ya juu ya skrini. Si mchezo. Baada ya programu mpya, saa ndiyo inayochelewa kutengemaa. Mwanzoni huonyesha wakati wa uongo, mpaka kompyuta ishike mtandao na setilaiti. Saa ikisema kweli, maana yake vyote vimeelewana.

"Haya. Saa ngapi?"

Taratibu akainua kidevu, akageuza kichwa kidogo, akaipata. "Saa kumi na dakika tano."

"Umefaulu. Chukua ufunguo wako."

"Na siku nikifeli?"

"Unirudishie. Dereva asiyeona saa iliyo mbele yake anatisha."

"Naahidi." Akanyoosha mkono, uso umejaa utani. "Siku nitakayoshindwa kuisoma saa hii, nitakuletea ufunguo mwenyewe, mkononi mwako. Sitamtuma mtu."

Wakapeana mikono, na mkono ule ukachelewa kuachiwa.

*

Alirudi kabla wiki haijaisha.

"Pembeni bado kuna giza," alisema.

Bisibisi akaongeza mwanga wa skrini, akakifuta kioo, akaangalia kila kona. Haikuwa na hata doa. Akarudi tena wiki iliyofuata na lalamiko lile lile, safari hii amevaa shati la rangi ya samawati na amebeba mfuko wa machungwa. Mjomba alipoona machungwa, akamvuta mpwa wake kando.

"Mwanangu, huyo haumwi skrini. Anaumwa wewe."

"Acha, mjomba."

"Niache nini? Mtu anakuja na shati limepigwa pasi kuja kulalamika? Watu wanaolalamika humu ndani huja na matusi."

Kwa hiyo Bisibisi akaamini, na kwa nini asiamini? Kila alipomwona akiingia na giza lake la pembeni, alitabasamu kabla hajafungua mdomo. Hakujua kwamba Taratibu alikuwa na magonjwa mawili, na kwamba lile la giza alilisema kwa ukweli wote.

Wakapendana. Jumapili asubuhi, maegesho ya juu yakiwa tupu, Taratibu alimfundisha Bisibisi kuendesha. Yeye aliyejua kila waya ndani ya gari hakuwahi kulitoa nje ya geti.

"Kioo cha pembeni, Bisi. Angalia kioo kwanza."

"Mbona wewe unageuza shingo yote? Kama bundi."

"Bundi ni dereva mwangalifu. Umewahi kusikia bundi amegonga mtu?"

Siku za kazi walizungumza kwa simu, sauti ya Bisibisi ikitoka kwenye spika za dashibodi aliyoifunga kwa mikono yake.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nina mkate hapa. Uko wapi, roho yangu?"

"Kwenye foleni. Nasikia unafungua soda."

"Hilo ni kopo la kupulizia vumbi, mshamba wee!"

"Basi pulizia na huku. Nina vumbi la upweke."

"Mwee! Kata simu kabla abiria hawajakusikia."

"Ameshasikia. Mama huyu hapa anasema nikuoe."

Na kweli sauti ya mama mtu mzima ilisikika ikisema, "Muoe, mwanangu, usizunguke." Bisibisi akafunika uso kwa kitambaa cha njano, katikati ya gereji, mchana kweupe.

Ilikuwa mara ya nne au ya tano ya lile lalamiko ndipo kila kitu kilipobadilika. Taratibu alikaa kwenye kiti chake, mlango wazi, akieleza.

"Hapa katikati naona vizuri, tena sana. Lakini huku kando, ni kama mtu ameweka pazia."

Bisibisi alikuwa amemletea chai. Alisimama mlangoni, kando yake, akakinyoosha kikombe karibu na shavu lake, akangoja akipokee. Taratibu aliendelea kuongea. Mvuke ulimpita sikioni. Bisibisi akakisogeza kikombe mbele kidogo. Taratibu aliendelea kuongea. Akakisogeza tena, polepole. Kikombe kilipofika karibu na katikati ya usukani, Taratibu akashtuka mpaka akagonga kisogo kwenye kiti.

"Ee! Chai imetoka wapi?"

Bisibisi alikuwa anaona trei ikiruka. Alikuwa anaona skrubu za kando zisizookotwa, na shingo ya bundi. *Nilikuwa nakutazama wewe tu.* Lile neno tamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa lilikuwa kweli tupu.

"Taratibu," akasema. "Skrini haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu."

"Una maana gani? Mimi mwongo?"

"Sijasema mwongo."

"Umeniwekea kompyuta mbovu, sasa unatafuta pa kutokea. Si ndiyo?"

"Twende kwa daktari wa macho. Leo. Nakuomba."

Akamtazama sana, pale katikati ambapo bado alikuwa anamwona. Kisha akazima gari.

*

Kliniki ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Daktari, mama mwenye sauti ya chini, alimkalisha Taratibu mbele ya mashine yenye bakuli jeupe, akampa kitufe. "Kila ukiona kinukta cha mwanga, bonyeza."

Taratibu akaweka kidevu, akashika kitufe, akangoja. Bisibisi, nyuma yake, aliviona vinukta vikiwaka na kuzimika, juu, chini, kulia, kushoto. Kidole cha Taratibu kilikuwa kimetulia.

"Daktari," akasema kwa upole baada ya muda, "ukiiwasha mashine, nishtue."

Ilikuwa imewashwa tangu alipoketi.

Presha ya macho, daktari aliwaambia. Huja kimya, haiumi, inaanza kula pembeni na kuelekea katikati. Kilichokwenda hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Matone yanaweza kukipunguzia kasi kilichobaki, lakini wamechelewa sana, hawezi kuwadanganya. "Na gari, baba, uliache leo."

Chini, barabarani, watu walipita na mifuko yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Bisibisi akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Umemsikia daktari."

"Na wewe ulinisikia mimi. Ahadi ilikuwa saa. Saa bado naiona."

"Ule ulikuwa utani!"

"Kwako. Mimi niliahidi. Unajua bila lile gari mimi ni nani? Ni mtu wa kuvushwa barabara. Utanipenda kwa muda gani, Bisi, ukiwa unanishika mkono kwenda chooni?"

"Jaribu uone."

"Sitaki kuona!" Akasikia alichokisema, akacheka kicheko kibaya, akaondoka akigeuza shingo huku na huku kwenye umati.

Kwa siku kadhaa Taratibu hakupokea simu. Kisha akaja gereji, ameinua kidevu, amevaa shati lile lile jeupe. Alijifanya amefuata programu mpya iliyokuwa imetoka. Bisibisi alifungua kompyuta yake, akaipakia, hakuna aliyetaja kliniki. Ilipokwisha, Taratibu akajiweka sawa kwenye kiti.

"Haya, fundi. Niulize."

"Saa ngapi?"

Redio ya mjomba, iliyoning'inia msumarini na kupiga kelele mwaka mzima, ilikuwa imetoka tu kutangaza: saa tano kamili.

"Saa tano kamili," Taratibu akajibu haraka, akitabasamu mbele ya skrini.

Bisibisi akaitazama kona ya juu. Programu mpya ilikuwa haijashika mtandao bado. Saa ya skrini ilisema saa tisa na nusu.

Alijua. Alipaswa kusema, na neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini aliona ule mkunjo wa pasi kwenye shati, ambao mtu aliyeanza kupofuka alikuwa ameunyoosha mwenyewe kwa kupapasa, na akaona alivyokuwa anangoja hukumu kama mtoto. Moyo ukamsaliti.

"Sawa," akasema. "Umefaulu."

Akampa ufunguo.

Kesho yake, kwenye mteremko wa sokoni, Taratibu alimgonga msukuma mkokoteni aliyekuwa akivuka kutoka kando. Mtu alianguka, mkokoteni ukapinduka, vitunguu vikatawanyika barabara nzima. Msukuma mkokoteni alivunjika mkono. Angeweza kufa. Watu walimzonga Taratibu, wakimuuliza hakuona au hakutaka kuona, naye alisimama katikati ya vitunguu akisema jambo moja tu, kwamba gari halikwenda kasi. Halikuwa limekwenda kasi. Lilikuwa linakwenda taratibu, kama siku zote.

Bisibisi alipopata habari, alikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa mpaka mjomba akamjia.

"Ni mimi, mjomba. Nilijua, nikampa ufunguo."

Mjomba alifuta mikono kwenye tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ulimhurumia," akasema mwishowe.

"Huruma yangu imemvunja mtu mkono."

Mjomba akazima redio, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kisha ukimya ukamshinda, akaiwasha tena.

Jioni hiyo Bisibisi alimpigia Taratibu simu. Ikapokelewa na mwanamke.

"Amelala."

"Samahani, nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye ninayekaa naye sasa. Amesema usimpigie tena. Kwaheri."

Alibaki ameshika simu sikioni. *Ninayekaa naye.* Kwa miezi kadhaa, msimu wote wa mvua na baada yake, aliibeba ile sauti kichwani. Alijiambia kwamba ni afadhali. Kwamba kama yupo wa kumshika mkono, basi ashikwe. Kisha alikuwa akijikuta amepanga skrubu zile zile kwa mara ya tatu. Mjomba alimwendeleza kwenye udereva, kwa ukali na kwa kelele, mpaka akapata leseni. Hakuna aliyemuuliza anataka kumwendesha nani.

*

Gari lilikuja tena kama mara ya kwanza, bila sauti. Lakini safari hii liliingia limenyooka, likasimama mbali na kigari chekundu. Kwenye usukani alikuwa dereva mwingine, mwenzake Taratibu, na nyuma ameketi mwanamke mtu mzima na kapu la nguo mapajani. Taratibu alishuka upande wa abiria. Shati jeupe, limenyooshwa. Viatu vinang'aa. Aliligusa gari kwa vidole mpaka akaufikia mlango wa dereva.

"Fundi yupo?"

"Nipo." Alikuwa hatua chache kando yake, naye hakugeuka upande sahihi.

Mwanamke akateremka, akamkumbatia Bisibisi kabla hawajasalimiana. "Ndiwe wewe, binti? Mimi ni dada yake mkubwa. Nilikujibu vibaya kwenye simu siku ile. Nilikuwa nimefika tu, nimemkuta analia mdogo wangu, sikujua nimlaumu nani. Nisamehe."

Bisibisi alikuwa amemwonea wivu mtu wa kapu na kanga.

"Tunaondoka leo," dada akasema kwa sauti ya chini. "Ninakwenda kukaa naye kwetu. Amekataa kupanda basi mpaka apite hapa."

Taratibu alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha dereva. Mikono yote miwili ilishika usukani, ilhali gari limezimwa.

"Liwashe, Bisi. Nifanyie mtihani."

"Hakuna haja."

"Ipo. Daktari kanipa matone, nimeyatia kila siku. Kuna asubuhi naamka nasema labda. Nataka nijue leo, kwenye hili gari. Nikiisoma, nitajua bado kuna kitu cha kungojea, nitabaki na ufunguo wangu. Sitaendesha, nakuapia. Lakini ufunguo utakaa mfukoni mwangu."

Bisibisi akabonyeza kitufe; ufunguo mfukoni mwa Taratibu ulitosha kuliwasha. Skrini ikafunguka, kubwa, safi. Akasimama mlangoni pale pale aliposimama na kikombe cha chai.

"Saa... Saa ngapi?"

Na wakati huo huo, kutoka msumarini, redio ikatangaza kwa furaha kwamba ni saa sita na nusu. Mjomba alirusha spana na kukimbia kuizima, lakini neno lilishatoka. Lilijaa gereji nzima. Dada alilisikia, dereva mwenzake alilisikia.

Bisibisi akamtazama Taratibu na, mbele za Mungu, akatamani mwenzake aseme uongo. Aseme saa sita na nusu, abaki na kile kipande cha chuma mfukoni, abaki na sababu moja ya kurudi mlango huu.

Taratibu aliinua kidevu. Aligeuza kichwa kulia, kisha kushoto, kisha akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Mwanga wa skrini ulimjaa usoni. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Nimeisikia redio," akasema. "Lakini saa siioni, Bisi."

Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati. Akaunyoosha mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Bisibisi akauzunguka mlango, akaupokea kwa mikono miwili.

"Hata siku ile ilikuwa redio," Taratibu akasema.

"Najua."

"Ulijua?"

"Skrini ilikuwa inasema saa tisa na nusu. Nilijua, nikakupa. Yule mtu wa vitunguu ni wetu sote wawili."

Hapo ndipo walipolia, kila mmoja kwa lake, kisha kwa moja. Taratibu akamwambia kwamba huwa anakwenda kumsalimia msukuma mkokoteni kila wiki, kwamba mkono umeunga lakini haubebi mzigo kama zamani. Bisibisi akampapasa mikunjo ya shati.

"Kaa hapa. Nioe. Au nikuoe mimi, sijali nani anaanza."

Alitabasamu, na kwa muda mfupi akawa yule wa skrubu. "Ukianza wewe, mjomba atataka mahari kutoka kwa nani?"

"Sifanyi mzaha."

"Najua hufanyi." Tabasamu likaenda zake. "Nisikilize, roho yangu. Sijajifunza hata kumimina chai bila kujiunguza. Nikibaki, nitakuchukia kwa kila kitu utakachonifanyia, na wewe utanihurumia tena kama siku ile. Wacha nikajifunze kuwa kipofu mbali na wewe."

"Ukishajifunza?"

Taratibu hakutaka kuahidi, kwa sababu alikuwa mtu wa kutimiza.

Rafiki yake akaliacha gari, akaondoka kwa miguu, macho yamemwiva. Dada akaingia nyuma na kapu lake. Taratibu akahamia kiti cha abiria, akapapasa mkanda, akaufunga baada ya kukosa mara mbili. Hakuna aliyemsaidia.

"Stendi tu," akasema.

"Stendi tu," Bisibisi akakubali.

Akachomoa bisibisi kwenye kitambaa, akaiweka juu ya dashibodi. Akaangalia kioo cha pembeni kwanza, kama alivyofundishwa. Gari likatoka gerejini bila sauti, likaingia kwenye honi na jua.

"Saa ngapi sasa?" Taratibu akauliza, uso wake umeelekea mbele.

Akamsomea. "Saa saba kasoro dakika tano."

"Basi letu linaondoka saa nane."

"Ndiyo."

Kiganja chake kikaegemea dashibodi kama mtu anayemtuliza mnyama.

"Basi endesha taratibu, Bisi."

Akaendesha taratibu.